Shuka Bichi

Makao ya wazee yalimkataa mama yake Clem Trevorrow siku ya Jumanne, kwa sababu ya mikono.

"Anapiga watu," mkuu wa makao alimwambia Clem kwenye simu. "Jana kampiga Bwana Horrie mgongoni wakati wa supu. Leo kampiga muuguzi pajani. Na asipopiga, mikono yenyewe haitulii, inamwaga chai za wenzake. Daktari ameandika matone ya kumtuliza. Akianza matone tunakaa naye. Hamtaki, njooni mumchukue."

"Hayo matone yatamfanya nini?"

"Atatulia."

"Atatulia vipi?"

"Atakaa tu, Bwana Trevorrow. Hatakuwa na shida."

Clem alikuwa amechimba risasi na zinki chini ya mji wa Broken Hill tangu ujana wake mpaka magoti yalipogoma. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimjua mama yake kwa mambo mengi, mazuri na ya kukera, lakini hakuwahi kumjua kama mtu asiye na shida. Akachukua funguo za gari akaenda. Alipofika kwenye taa za barabarani ndipo alipokumbuka kwamba hakumuuliza mke wake.

Noelene alirudi jioni kutoka kaunta ya nyama ya supamaketi, aproni bado kiunoni. Akamkuta mama mkwe wake, Una, ameketi jikoni, taulo kifuani, viganja viwili vikitembea juu ya meza, vikivukana, vikigeuka, kimoja kikiruka juu ya kingine. Chupa ya chumvi ilikuwa chini, vipande vipande.

"Amekuja kwa siku ngapi?" Noelene aliuliza.

"Mpaka tuamue."

"Tuamue mimi na nani? Maana naona wewe umeshaamua na gari."

"Wangempa matone, Noelene."

"Na mimi watanipa nini?"

Hata hivyo akaosha mikono, akapasha moto pai za nyama na viazi, akakuna kabichi na kuichanganya na jibini kama Una alivyopenda, kisha akamlisha kwa kijiko. Una alikula vizuri. Alipomaliza, akamtazama Clem aliyekuwa ameinama juu ya sahani yake, akanyoosha mkono akamchapa mgongoni, kofi la nguvu.

"Simama wima, gunia wewe!"

"Mama, ni mimi. Clem."

"Clem yuko shule," Una alisema, na vidole vikarudi mezani.

*

Chumba cha kushonea cha Noelene kikawa cha Una. Cherehani ikahamia gereji, ikafunikwa turubai. Noelene alitazama ikibebwa bila kusema neno, na Clem angependa zaidi kama angepiga kelele.

Kisha zikaja aibu ndogondogo ambazo mtu hazielezi nje. Mtoto wa kiume wa miaka sitini na moja kumwogesha mama yake aliyefumba macho, wote wawili wakijifanya wako kwingine. Kununua nepi za watu wazima kwenye duka ambalo mke wako anafanya kazi, na kijana wa kwenye mashine ya fedha kupaza sauti akiulizia bei yake. Mashuka yaliyolowa kila asubuhi. Noelene alikosa zamu mbili wiki ile ya kwanza, na meneja, ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa kitukuu wa mtu, akamwambia kwa upole kwamba wanaotaka kazi ni wengi.

Na mikono. Kuanzia anapoamka mpaka anapolala, kwenye blanketi, kwenye beseni, hewani.

Kila mtu mzima wa mji ule alimjua Una Trevorrow. Binti wa mchimbaji, alienda Adelaide kujifunza bale, ile densi ya ncha za vidole, na akacheza huko miaka michache. Siku aliposema anataka kutunga densi zake mwenyewe, aliambiwa kwamba densi hutungwa na wanaume, wanawake huzicheza. Akapanda gari moshi akarudi nyumbani. Akakusanya wasichana wa madukani, wauguzi, wapiga chapa, na wachimbaji watatu wenye mabega ya kunyanyua mtu, akawafundisha jioni katika ukumbi wa wachimbaji. Humo akatunga bale nzima juu ya wanawake wanaowahi kuanua nguo kabla dhoruba ya vumbi haijaingia mjini. Aliiita *Kamba za Nguo*. Wachezaji walikuwa na mashuka ya kweli, mabichi, mazito, yaliyotoka kwenye ndoo. Gazeti moja la jijini likaiita bale ya madobi. Una alikata habari ile akaibana kwenye mlango wa ukumbi kwa kibanio cha nguo, ikakaa pale mpaka ikawa njano.

Clem alikulia ndani ya ukumbi ule. Mpaka leo, akinusa ulimbo uliopondwa, ule wanaoupaka viatu wasiteleze, anaona taa zile na vumbi jekundu likipenya chini ya mlango, na birika kubwa la chai kwenye kona, na wanawake wenye vibanio vya nywele wakila pai juu ya gazeti huku miguu yao iko kwenye maji ya chumvi. Baba yake, Arch, alikuwa anakaa safu ya mbele ndani ya suti yake ya pekee, amelala fofofo baada ya zamu, na Una akipita karibu anampiga teke la kiatu bila kukosa mdundo. Shuleni wavulana walimwita Clem Binti Bale. Alipigana nao wote, mmoja mmoja, na alipokuwa mkubwa aliingia mgodini siku ya kwanza aliyoruhusiwa, na hakukanyaga tena kwenye ukumbi ule.

*

Jumamosi akaja Dulcie Pengelly na keki za chokoleti na nazi. Dulcie alikuwa amemchezea Una tangu ana miaka kumi na sita. Nyonga yake moja sasa ilikuwa ya chuma, na Clem alimwita shangazi ingawa hawakuwa na udugu.

Akambusu Una kwenye paji la uso, akavuta kiti, akaanza kusema habari za mji. Katikati ya sentensi akanyamaza. Alikuwa anatazama mikono.

"Anafanya hivi tangu lini?"

"Tangu makao," alisema Clem. "Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Ugonjwa gani! Clem, mama yako anapitia densi."

"Anapitia nini?"

"Densi, mwanangu. Huwezi kucheza kwa miguu mchana kutwa halafu usiku ukapanda jukwaani. Miguu unaitunza. Unaipitia kwa mikono, mkono huu mguu huu, mkono ule mguu ule. Sisi tulifanya hivyo ndani ya gari moshi njia nzima mpaka Adelaide. Watu wakahama behewa."

"Na kupiga watu je?" Noelene aliuliza kutoka kwenye sinki.

"Huyo Horrie anakaaje mezani?"

"Kama gunia la viazi," alisema Clem.

"Basi amepata haki yake. Mgongo wangu mimi ulichapwa mpaka nikaolewa."

Noelene akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini Dulcie hakucheka naye. Alikuwa amesogea mpaka magoti yake yakagusa magoti ya Una, midomo yake ikihesabu kimyakimya. Mkono wa kushoto wa Una ulirudi nyuma polepole, kama unaovuta kitu kizito. Wa kulia ukavuka mbele yake.

"Jamani," Dulcie alisema. "Ni ile ya shuka."

Akawaeleza. Mjukuu wake Merran, anayefundisha watoto bale baada ya kazi yake ya kuoka mikate, alikuwa anaifufua *Kamba za Nguo* katika ukumbi uleule, mwezi wa Septemba. Hakuna aliyewahi kuipiga picha wala kuiandika. Walikuwa wameikusanya kutoka miili ya wanawake wazee waliobaki: huyu alikumbuka mlango wa kuingilia, yule duara, mwingine mikono tu. Kilichokosekana ni densi ya mwisho, ya mwanamke mmoja anayebaki nje akivuta shuka moja kutoka kwenye kamba huku dhoruba inafika. Una aliicheza mwenyewe, usiku mmoja tu. Baada ya hapo kila aliyemuuliza alijibiwa, nimeisahau.

"Kumbe hakuisahau," alisema Dulcie. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Niacheni nije kila siku. Nitaisoma kwenye mikono yake mpaka tuimalize."

Clem akasimama, goti likalia. "Hapana," alisema, akatoka nje.

*

Jumatatu makao yalipiga simu tena. Kitanda cha Una bado kipo, na matone yapo. Watakishikilia mpaka Ijumaa. Baada ya hapo kinaenda kwa anayefuata, na foleni ya sasa ni ya zaidi ya mwaka.

Dulcie alikuja vilevile, maana hakuwa mtu wa kukatazwa, na Clem akawa anakaa gereji na cherehani. Jikoni alisikia sauti ya Dulcie ikihesabu, na mara mojamoja kofi na kicheko.

"Shangazi Dulcie anasema tusimpeleke," Noelene alimwambia Alhamisi. Walikuwa uani wakianika mashuka ya asubuhi kwenye kamba za mzunguko, zile zinazozunguka juu ya nguzo moja. "Nimemwambia, shangazi, wewe unakuja saa nne unaondoka saa saba. Anapolowa alfajiri ni mimi."

"Mwambie anaenda kesho."

"Nilidhani utafurahi. Densi ya mama yako imepatikana, mji mzima unaililia, wewe unakaa na makopo ya rangi."

"Mimi siitaki hiyo densi. Mikono ile ikitulia nitashukuru."

Noelene akamtupia ncha ya shuka. Clem akaidaka na kuishika, na Noelene akasimama akimtazama. Mume wake, mtu mzima mwenye tumbo, alikuwa ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa, ncha ya shuka ndani ya ngumi, viwiko vimekaza, kama mtoto mfupi anayezuia kitu kisiguse chini.

"Mbona unashika hivyo?"

Clem akaitazama mikono yake. Hakuishusha.

"Ndivyo alivyonifundisha," alisema. "Nilikuwa na miaka minane. Nilijificha nyuma ya pazia la pembeni nikiwa nimeshika ncha moja. Yeye alikuwa anavuta ncha ya pili. Kazi yangu ilikuwa lisiguse chini, maana likiguswa na vumbi halifai tena."

"Hukuwahi kuniambia ulicheza bale."

"Sikucheza. Nilishika. Baba alikuwa zamu ya mchana. Alisema atakuja mwishoni. Mimi nikawa natazama mlango wa pembeni, nimwone akiingia. Ukafunguka. Akaingia mtu wa mgodini, kofia mkononi. Akasimama karibu yangu hapa. Mama alikuwa anageuka, anakuja upande wetu na shuka, akamwona. Akasimama."

"Akafanya nini?"

"Ndiyo nakwambia, akasimama. Hakuna alichofanya. Piano ikaendelea kidogo, ikanyamaza. Na watu wakapiga makofi, Noelene. Walidhani ndiyo mwisho. Ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi, na baba yuko chini ya jiwe."

Shuka lilikuwa linadondosha maji kwenye viatu vyake.

"Nilimchukia kwa makofi yale," alisema. "Sijui kwa nini yeye. Hakuyaomba."

"Na wewe ulishika mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mtu alipokuja kunifungua vidole."

Noelene akalichukua shuka kutoka kwake, akalibana kwenye kamba, kibanio baada ya kibanio. Hakumkumbatia, hawakuwa watu wa hivyo uani.

"Sitaki kumpa matone huyo mwanamke," alisema alipomaliza. "Mimi ndiye ninayeamka, na mimi nasema hivyo. Lakini simu piga wewe. Ni mama yako."

Clem alipiga. Alisema kitanda wampe mwingine. Mkuu wa makao akamuuliza kama anaelewa maana yake, naye akajibu kwamba anaelewa, akaweka simu chini haraka asije akageuza nia.

*

Meza ya jikoni ikatolewa barazani. Merran alikuja kila siku akitoka kuoka, unga kwenye nyusi. Dulcie alikaa kando ya Una, bega kwa bega, maana kwa kukaa mbele yake alikuwa amesoma kushoto na kulia kinyumenyume kwa siku nne, na Merran ikabidi aanze upya huku akinung'unika. Una hakujua Merran ni nani. Lakini alijua mguu mvivu akiuona.

"Goti!" Paa, kwenye paja.

"Bibi Dulcie, huyu mama ana mkono wa chuma."

"Wewe una goti la mkate. Nyoosha."

Shuka ndilo lililowashinda. Walitumia la dukani, jepesi, likawa linapepea kama mfuko wa plastiki. Kila wakimpa Una ncha, alilisukuma mbali kwa uso wa mtu aliyepewa chai baridi. Siku moja Noelene akaingia chumbani, akafungua kabati, akatoka na shuka la kitani ambalo mama yake alimpa siku ya harusi. Halikuwa limetandikwa hata mara moja. Akalitumbukiza kwenye sinki mpaka likanywa maji, akalikamua nusu, akalibwaga mapajani mwa Una.

"Noelene, hilo ni lako," alisema Clem mlangoni.

"Najua ni la nani."

Vidole vya Una vikalishika. Likavuta mabega yake chini, na mgongo wake ukanyooka.

Kuanzia siku ile ikaenda. Merran akavuta, akageuka, akavukisha mguu, uzito wa maji ukimrudisha nyuma kila hatua, na Noelene akaacha sufuria iungue akitazama. Lakini ilifika mahali mikono ya Una inadondoka. Palepale kila siku. Mkono wa kulia unavuka, kichwa kinainuka, halafu viganja vinaanguka mapajani. Wakiimba muziki kutoka mwanzo, anaanza tena, anafika pale, vinaanguka.

"Ameusahau mwisho," Dulcie alisema hatimaye, akijifuta jasho. "Basi. Itabidi tuutunge sisi. Akimbie nalo, labda."

"Hajausahau."

Wote wakageuka. Clem alikuwa ameingia jikoni. Alikuwa amevaa soksi tu, viatu ameviacha nje, kama watoto walivyoagizwa kufanya ukumbini.

"Shangazi, usiku ule ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Nilikuwa nafungua nywele. Nilisikia makofi, halafu nikasikia habari za baba yako."

"Basi hukuona. Hakuna kilichobaki baada ya hapo. Alisimama hapo." Akachukua ncha ya shuka kutoka kwenye kitasa cha mlango walipokuwa wameifunga. Akaiinua juu ya kichwa, viwiko vimekaza. "Anza tena, Merran. Ukifika pale, nitazame mimi. Halafu usifanye kitu."

Merran akacheza. Akavuta, akageuka, akainua kichwa, akamwona mtu mnene wa makamo mwenye soksi, akasimama. Maji yalidondoka kwenye zulia la plastiki la jikoni. Dulcie alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Una alikuwa anatazama ncha ya shuka, kisha ngumi iliyoishika, kisha mkono, mpaka akafika usoni.

"Clem," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwalimu. "Juu zaidi. Linaburuzika."

Clem akainua juu zaidi.

*

Una alifariki mwezi wa Julai, kwa kifua, kitandani kwake kwenye chumba cha kushonea. Mikono ilitulia siku moja kabla, yenyewe.

Septemba ukumbi wa wachimbaji ulijaa mpaka ngazini. Clem alisimama nyuma ya pazia la pembeni, ameshika ncha ya shuka, ndani ya suti aliyoshindwa kuifunga kifungo. Merran aliposimama na shuka, watu hawakupiga makofi. Vumbi likasikika likikwaruza bati la paa. Hakuna aliyekuja kumfungua Clem vidole. Alivifungua mwenyewe, akakunja shuka, akampelekea Noelene safu ya mbele.

Gharama ilikuwa hii. Kitanda cha makao, ambacho Una hakukihitaji tena. Kazi ya Noelene: zamu zilipunguzwa, kisha zikaisha, na mwaka uliofuata alipata nyingine ya kufagia darasa la watoto, kwa malipo madogo. Bega lake la kulia, lililoumia kwa kumnyanyua Una, ambalo haliinuki tena kufikia kamba ya nguo, kwa hiyo sasa anayeanika ni Clem. Nyonga ya pili ya Dulcie, ambayo nayo sasa ni ya chuma. Zulia la plastiki la jikoni, lililovimba kwa maji na kupasuka katikati, na bado halijabadilishwa. Na shuka moja la kitani la harusi, lililofuliwa mara tatu, lenye alama nyekundu ya vumbi kwenye ncha moja, mahali ngumi ilipolishika.